Jaa ndilo linalomlea kurabu

Assalaam alaykum wazee wangu, mama zangu na vijana. Ahsanteni kwa kuja barazani.

Asubuhi nilipita pale samaki wanaposhushwa hapa Malindi. Mvuvi alikuwa akipasua changu, matumbo anayatupa kando. Kabla hajaosha kisu, kurabu watatu, kunguru hawa wetu, walishatua. Mmoja akavuta utumbo, wa pili akaukanyaga, wa tatu akaupokonya na kuruka nao hadi mkunguni. Somo langu lote limo katika utumbo ule.

Kunguru huyu tunayemwita kurabu asili yake ni India na nchi jirani zake. Aliletwa Unguja miaka ya 1890 asaidie kusafisha mji, na kufikia 1947 alikuwa ameshaonekana Mombasa.

Tupige hesabu. Tuseme kila jozi inalea makinda 4 kwa mwaka, hafi hata mmoja, na mwaka wa pili wote wanataga. Wawili watakuwa 6, kisha 18, kisha 54. Baada ya miaka 10 ni 118,098! Hakuna kiumbe anayeendelea hivyo. Mwaka 1838 Mbelgiji Pierre-François Verhulst alieleza sababu kwa hesabu: viumbe wakiwa wachache huzaana mbio, wakijaa chakula hakitoshi, maradhi yanaambukizana, mahali pa kujenga viota panagombaniwa, mpaka vifo vikalingana na uzazi. Kila mahali pana kiwango chake, yaani idadi ya viumbe panayoweza kuwalea.

Je, kiwango cha kurabu hapa kwetu kimewekwa na nani? Kwao India yuko ndege aitwaye koeli, anayetaga ndani ya kiota cha kurabu, naye kurabu akalea mtoto asiye wake. Koeli huyo huku hayuko. Kinachobaki kumzuia ni chakula, na chakula tunampa sisi: jaa lisilozolewa, mabaki ya hoteli, utumbo wa samaki.

Anayeumia ni mnana, yule ndege mdogo anayefuma kiota chake. Nimemwona kurabu kwenye mnazi wa jirani yangu, kiota kinaning'inia kutini, akakitoboa ubavuni na kutoa makinda matatu, mmoja mmoja, mama yao akipiga kelele pembeni. Lingekuwa jambo la kawaida la porini, minana wakipungua mwindaji angeshinda njaa, naye angepungua, na minana wangepata nafasi ya kuzaana tena. Lakini kurabu halali njaa. Akimaliza viota anarudi jaani, anashiba, anangoja minana wajenge tena. Hilo linaniuma sana.

Mzee wangu pale nyuma ameuliza: "Mwanangu, si walitiliwa sumu? Mbona wamerudi?"

Mzee wangu, sumu hupunguza kurabu, haipunguzi jaa. Ukiua nusu, waliobaki wanakula fungu la wote na makinda yao yananenepa. Katika hesabu ya Verhulst, idadi hupanda kwa kasi kuliko wakati wowote inapokuwa nusu ya kiwango. Mwaka 2024 KWS, shirika la wanyamapori la Kenya, ilipotangaza lengo la kuwaondoa kurabu milioni 1 nilifurahi, na bado naliunga mkono. Ila sumu iende sambamba na kuzoa taka, wiki ile ile. Pale kwenye samaki tunahitaji mapipa yenye vifuniko na mtu wa kuyamwaga kila siku kabla ya adhuhuri. Nimeshazungumza na wavuvi wawili, wako tayari kuanza Jumamosi.