Bedford ya Karatasi: Utingo Yuko Wapi?

CHANDE: Karibuni tena, tuko Mtwara. Leo kwenye kuunda magari madogo ya karatasi tulipanga mambo matatu: kukunja karatasi ngumu, kuunda tairi, na kuikinga kazi yako na unyevu wa bahari.

SOMOE: Waeleze kwanza habari ya mjomba.

CHANDE: Mjomba dereva, mnamjua. Juzi kapita nyumbani, nimetoka kumaliza lori la karatasi, Bedford TJ, ile ya boneti, kipimo 1:25, yaani dogo mara 25 kuliko lenyewe. Kaizunguka meza, kachuchumaa, kachungulia chesisi. Mimi nangoja neno. Kaniuliza, "Utingo yuko wapi?"

SOMOE: (anacheka) Mjomba kauliza la maana.

CHANDE: Dada Somoe, zile tairi zimenila usiku kucha! Ringi ya inchi 20 kwa kipimo hicho inabaki milimita 20 na kidogo. Unakata visahani vya boksi, unabandika kimoja juu ya kingine, unalowesha ukingo kwa supagluu. Ukishakauka na kuwa mgumu kama mbao, ndipo unapitisha msasa taratibu huku unazungusha.

SOMOE: Ule weupe wa karatasi pembeni?

CHANDE: Paka rangi kabla ya gundi. Gundi ikishatangulia, rangi haishiki vizuri.

SOMOE: Haya. Na utingo?

CHANDE: Somoe!

SOMOE: Kaka Chande, nisikilize. Kabla Daraja la Mkapa, la Mto Rufiji, halijafunguliwa 2003, lori la kutoka Dar lilikuwa linangoja kivuko pale Ndundu. Nani analala juu ya mzigo? Lori limezama mchangani, nani anakata matawi ya kutia chini ya tairi? Kwenye kilima cha kupandia Newala injini imeelemewa, nani anaruka chini na gogo aliweke nyuma ya tairi kabla halijarudi?

CHANDE: Utingo.

SOMOE: Basi! Na hilo gogo lining'inie pembeni ya bodi, kwa kamba.

CHANDE: Gogo nitaweka. Hata turubai nitaweka, kwa karatasi ya sigara, inakunjika kama kitambaa.

SOMOE: Na bodi yenyewe uing'oe. Hiyo uliyobandika ni ya Uingereza. Lori la korosho lilikuwa na bodi ya mbao, ndefu kwenda juu, kazi ya seremala.

CHANDE: Hapo sikufuati. Mchoro nilionao una bodi hiyo. Ya mbao sina kipimo hata kimoja. Nikikisia, nitakuwa nimeunda gari ambalo halikuwahi kuwepo.

SOMOE: Lilikuwepo! Malori mengi yaliletwa chesisi na kichwa tu, bodi inapigwa huku. Seremala alipima kwa futi, akakata. Mjomba yu hai, mkalishe umuulize.

CHANDE: Mjomba atanionyesha kwa mikono. Leo mbao tano, kesho saba. Kwa 1:25, ukikosea sentimita 25, kwenye meza ni sentimita nzima. Inaonekana.

SOMOE: Na Bedford isiyo na bodi yake haionekani? Mtu wa Masasi ataitazama aseme gari la nani hili?

CHANDE: Atasema ni Bedford, kwa sababu boneti na taa zimekaa sawasawa.

SOMOE: Mimi sikubali.

CHANDE: Wala mimi. Na sasa wananionyesha saa.

SOMOE: Kukunja je? Na unyevu?

CHANDE: Hatuwahi. Ila msisahau: gundi kidogo sana, karatasi ikilowa inajikunja.

SOMOE: Mwenye picha ya zamani ya lori la bodi ya mbao, Nachingwea, Lindi, popote, atutumie.

CHANDE: Iwe ya ubavuni, nipate kupima.

SOMOE: Hata ya mbele tumeni. Hata ya nyuma, tusome maandishi.