Msichimbe kisima kwa kuiga

Najua swali lenu, maana naulizwa kila nikisimama: mtu wa Tabora, jua la Oktoba utosini, ana haja gani na kupasha majengo joto? Subirini kidogo.

Pampu ya joto ni friji iliyogeuzwa. Gusa nyuma ya friji yako: joto lile limetolewa ndani na kusukumwa nje. Umeme hauliumbi, unalihamisha tu, ndiyo maana yuniti moja ya LUKU hukupa joto la yuniti tatu, hata nne. Hita ya bafuni? Yuniti moja, joto la yuniti moja, basi.

Sasa linaloniudhi. Huko kwenye baridi, mtu anachimba visima, si vya maji bali vya pampu kuchota joto ardhini, kwa hesabu ya siku moja yenye baridi kali kuliko zote. Siku za namna hiyo hazifiki wiki kwa mwaka! Funga pampu ya nusu ya ukubwa huo, itabeba sehemu kubwa ya joto la mwaka mzima, zile siku chache liachie boila, tanuri la kuchemshia maji. Na ardhi nayo huchoka. Ukichota joto kila msimu bila kulirudisha, kisima kinapoa mwaka hadi mwaka. Kule Okotoks, Kanada, mtaa wa nyumba 52 ulianza 2007 kushusha jua la kiangazi kwenye visima 144, vya mita 37 hivi kila kimoja, wakalichota theluji ilipoanguka. Zaidi ya asilimia 90 ya joto lao likatoka juani, na pampu ya joto hawakufunga. Nasikia mzee pale nyuma anasema, "Hao wana hela." Wanazo, ndiyo. Lakini mimi nasema juu ya kuchanganya vyanzo vya joto, siyo juu ya hela.

Kwetu je? Msichimbe! Wao wanafuata uvuguvugu chini kwa sababu hewa yao ni barafu. Yetu ina joto lake bure, pampu ya kuchota joto hewani inatosha. Sisi shida yetu ni maji moto: wodi ya wazazi, bweni, jiko la shule. Mchana paneli za maji juu ya bati. Wiki za mawingu ya masika, pampu. Umeme ukikatika, kuni, na kwa hizo chache miombo itapumua.

Naoneshwa saa. Mabani, yaani vibanda vya kukaushia tumbaku, kwa haraka: kulifanya jani liwe njano kunataka nyuzi 35 hadi 40, pampu inaweza. Kukausha kikonyo kunafika 70, hapo pampu za kawaida zinashindwa, washa moto. Lakini bani liko shambani, nguzo ya umeme iko wapi? Hilo muulizeni aliyekaa meza kuu.