Phulbari: Nani Anahesabiwa Shimo Linapochimbwa

Wazee wangu, kina mama, vijana wa Hoima, na ninyi mliopanda mlima kutoka Kaiso, nawasalimu.

Mmeniomba nizungumze juu ya ardhi na uchimbaji. Nimechagua mgodi ambao haukuchimbwa kamwe, ule wa Phulbari, wilaya ya Dinajpur, kaskazini-magharibi mwa Bangladesh. Chini ya mashamba ya mpunga ya huko kuna makaa ya mawe, tani milioni 572 kwa makadirio ya kampuni ya Asia Energy. Mpango ulikuwa kufungua shimo la wazi na kutoa tani milioni 15 kwa mwaka, kwa zaidi ya miaka 30. Makaa mengi yangeuzwa nje, na mrabaha wa serikali, yaani sehemu yake katika makaa hayo, ulikuwa asilimia 6.

Sasa sikilizeni hesabu ya watu. Kampuni ilisema watakaohamishwa ni kama 40,000. Wataalamu walioteuliwa na serikali yenyewe wakapata karibu 130,000 watakaoguswa moja kwa moja, na hadi 220,000 kadiri visima vitakavyokauka. Shimo ni lile lile. Tofauti kubwa hivyo imetoka wapi?

Imetoka kwenye maji. Makaa yale yamelala mita 150 na zaidi kwenda chini, na juu yake kuna mchanga uliojaa maji. Ili shimo libaki kavu, lazima pampu zilizunguke zikivuta usiku na mchana, miaka yote ya mgodi. Maji yakivutwa hapo, yanashuka hata kwa jirani ambaye mpaka wake haukuguswa. Na mkulima wa kule hulima mpunga wa kiangazi kwa maji ya kisima. Siku moja anasukuma bomba, linatoa hewa tu. Nyumba yake imesimama, hati anayo, lakini kwenye daftari la fidia jina lake halimo. Huyo ndiye ninayemsemea leo.

Wakulima wa Phulbari waliielewa hesabu hiyo mapema. Tarehe 26 Agosti 2006, makumi ya maelfu yao, wakiwemo Wasantal, jamii ndogo ya wenyeji wa huko, waliandamana kuelekea ofisi ya kampuni. Askari wa Bangladesh Rifles, kikosi cha kulinda mipaka, wakafyatua risasi. Vijana watatu walikufa, watu zaidi ya mia walijeruhiwa. Watu hawakurudi nyuma, mji ukafungwa. Tarehe 30 serikali ikatia saini: hakuna mgodi wa wazi Phulbari wala kwingineko nchini, na kampuni iondoke. Mwaka 2008 Benki ya Maendeleo ya Asia, iliyokuwa ikifikiria kuukopesha mradi, nayo ikajitoa. Kampuni, ambayo sasa inaitwa GCM Resources, iliendelea kuutafuta mradi huo kwa miaka mingi, na ndiyo maana wenyeji hukusanyika kila Agosti.

Kwetu hapa Uganda ni mafuta. Kule Kabaale, kwa ajili ya kiwanda cha kusafishia mafuta, vijiji 13 vilihamishwa, watu zaidi ya 7,000. Uthamini ulifanyika 2012. Waliochagua nyumba badala ya fedha walikabidhiwa za Kyakaboga 2017. Miaka mitano ya kungoja, na katika muda huo umeambiwa usipande zao la kudumu! Mthamini alihesabu mgomba, mwembe na kaburi. Hao waliumia, ila angalau walihesabiwa. Wa ng'ambo ya mpaka wa mradi je?

Kwa hiyo, wenye visima karibu na visima vya mafuta au njia ya bomba, pimeni sasa, kabla kazi haijafika kwenu. Kutoka mdomo wa kisima hadi kwenye maji ni mita ngapi? Pimeni Februari, kiangazi kikiwa kikali, kisha pimeni tena mvua ikishika. Andikeni tarehe, mashahidi wawili watie saini, nakala moja ibaki kwa mwenyekiti wa kijiji. Bila karatasi hiyo, kisima kikikauka mtaambiwa ni ukame tu, na hamtakuwa na la kujibu.

Kamba yenye mafundo ya mita ninayo hapa. Tukimaliza maswali, twendeni nyuma ya ukumbi, kuna kisima, niwaonyeshe inavyoshushwa.