Jiwe Moja Kati ya Kete

Mhadhara uliotolewa Kirumba, Mwanza, jioni ya kumkumbuka Bibi, mbele ya familia, majirani na wacheza bao

Wazee wangu, shikamooni. Wenzangu, habari za jioni. Na wale ambao bila Kisukuma hawajioni kama wamesalimiwa, mwadila!

Nimepewa dakika kumi na tano. Mama mdogo, yule pale karibu na masufuria, ameshaniambia nikizidisha atazima spika, na mnamjua, atazima kweli. Basi niingie moja kwa moja.

Tangu tumzike Bibi nimesikia mengi. Kwamba alikuwa na mkono wa baraka. Kwamba bao lilimpenda. Mzee mmoja, simtaji jina na yupo hapa anacheka, alinivuta pembeni palepale makaburini akaninong'oneza kwamba Bibi alikuwa "na kitu". Hilo ndilo nililokuja kulipinga leo. Bibi hakuwa na kitu. Bibi alikuwa anahesabu.

Naelewa maneno hayo yalikotoka. Kiswahili chenyewe kinatuchanganya: kuna kucheza bao, halafu kuna kupiga bao, kwa maana ya kwenda kwa mganga akuangalizie. Mwanamke anayewafunga wanaume jioni baada ya jioni, watu watachagua maelezo gani? Yale yasiyowaumiza.

Bao lenyewe liliingia nyumbani kwa sababu ya Babu. Alikuwa karani wa mizigo stesheni. Reli ilifika Mwanza mwaka 1928, na kwa reli hiyo vitu vya pwani vimekuwa vikipanda kuja huku ziwani. Siku moja Babu akarudi na mfuko wa kitambaa wenye komwe 64, zile mbegu za kijivu, ngumu, laini kama gololi. Wasukuma tuna isolo yetu, bao la kwetu, tangu zamani, lakini Babu alikuwa ameonja bao la Kiswahili na hakutaka kurudi nyuma. Tatizo, hakuwa na wa kucheza naye usiku. Akamfundisha mkewe. Kwa miezi michache alikuwa anamfundisha. Baada ya hapo, kwa kauli yake mwenyewe, alikuwa anafungwa tu.

Kwa vijana mnaocheza kwenye simu, nieleze kidogo. Mashimo ni 32, kila mchezaji ana yake 16, safu mbili za nane nane. Safu za mbele ndizo zinazopigana. Kila mmoja anaanza na kete 10 ubaoni, sita kati ya hizo zikiwa kwenye nyumba, shimo lake maalumu la safu ya mbele, na 22 anabaki nazo mkononi, anaziingiza moja moja. Hiyo ndiyo namua. Zikiisha mkononi, mnaingia mtaji, mnacheza na zilizo ubaoni tu. Ukimla mwenzio, kete zake unazisambaza upande wako kuanzia kichwani, yaani shimo la mwisho la safu ya mbele, kushoto au kulia. Ya mwisho ikiangukia shimo tupu, umelala, zamu ni ya mwenzio. Ikiangukia penye kete, na mbele yake kwa mwenzio pana kete, unakula tena na safari inaendelea. Kwa hiyo swali zima la bao ni moja: ya mwisho itaangukia wapi?

Sasa, Bibi alikuwa mchuuzi wa dagaa pale sokoni Mwaloni, na dagaa huvuliwa usiku wa giza. Wavuvi huwasha taa, zamani karabai, siku hizi za sola, dagaa wanafuata mwanga. Mbalamwezi ikishakuwa kali, taa haina maana, mitumbwi inapumzika siku kadhaa. Hizo ndizo zilikuwa siku za Bibi za bao. Wengine wana Ijumaa na Jumapili, yeye alikuwa na mwezi mpevu. Anaketi nje kwenye mkeka, na hakuna haja ya kuwasha hata kibatari.

Mwanzoni wazee wa barazani hawakutaka. Walisema bao ni la wazee, hata Mwalimu Nyerere, mtoto wa Butiama, alilicheza na wazee wenzake. Bibi akajibu, "Alicheza nao kwa sababu mimi hakuniona." Walipokubali wakawa wanafungwa, na kila aliyefungwa akawa anasema alimwachia, mama wa watu. Bibi alikuwa na jibu moja kwa wote: "Basi niachie tena."

Kuna mchezo mmoja ninaoukumbuka wote. Nilikuwa darasa la tano, nimekaa nyuma ya bega lake. Mgeni alikuwa nahodha mstaafu, mtu wa maneno, na nyumba yake ilikuwa imenenepa: kete 14. Bibi alikuwa na mlo mnono upande wa kulia, angekula kete sita papo hapo. Hata mimi niliuona. Hakuugusa. Alinyamaza, na kidole gumba chake kikawa kinatembea juu ya pingili za vidole vingine, polepole, kama anahesabu tasbihi. Kisha akatia kete shimo la sita kutoka kushoto, akala mbili tu. Nahodha akacheka. Bibi akaziingiza kwa kichwa cha kushoto: moja, mbili. Ya pili ikaangukia penye kete, na mbele yake kwa nahodha pana nne. Akazila hizo nne, akarudi kichwani: moja, mbili, tatu, nne. Shimo la nne ndilo lililokuwa linatazamana na nyumba ya nahodha. Zote 14 zikahama, zikajaza safu yake ya mbele na kupinda hadi nyuma. Nahodha akaacha kucheka. Bibi akamwambia, kwa adabu kabisa, "Wabeja," yaani asante.

Kidole gumba kilekile ndicho alichotumia Mwaloni. Hakuwa na daftari. Nani kachukua sado ngapi, nani kalipa nusu, gunia lipi limeenda Burundi na nani, vyote vilikaa kwenye pingili. Mei 21, 1996, meli ya MV Bukoba ilipozama ikiwa imekaribia kabisa Mwanza, watoto wawili wa jirani walibaki bila mama. Usiku ule Bibi alikaa mlangoni, gumba linatembea. Asubuhi akatwambia wajukuu tutalala watatu watatu badala ya wawili wawili, na nyama itakuwa mara moja kwa wiki. Bao lilifunikwa hadi arobaini ikapita. Wale watoto wawili wapo hapa, mmoja ndiye aliyefunga haya maturubai.

Sasa nifike kwenye jiwe, maana najua ndilo mnalosubiri.

Wote mliocheza naye mnakumbuka kwamba kati ya kete zake moja ilikuwa jiwe. Jiwe dogo jeusi la ufukweni. Mlisema ndilo dawa. Kuna mtu alikataa kabisa kulishika, akawa analisukuma kwa kijiti. Ukweli ni huu, na naukiri leo mbele ya watu kwa mara ya kwanza: komwe ya 64 niliichukua mimi. Nilikuwa na manati mpya na nilitaka kuona kama itafika kwenye jabali lililo majini. Haikufika. Ilitumbukia ziwani, na mimi nikakaa kimya. Bibi alihesabu, akakuta 63, akatutazama watoto mmoja mmoja, akashuka ufukweni, akarudi na jiwe.

Nilipokuwa mkubwa nilimuuliza kwa nini hawaambii watu kwamba ni jiwe tu. Akasema, "Anayeogopa jiwe hahesabu kete."

Mimi leo nafundisha hesabu sekondari. Kuna wanafunzi wangu wanaoamini kuwa wenzao wana vipaji vya kuzaliwa, nami huwa naudhika, lakini tuyaache hayo, Mama mdogo ameshika waya.

Wiki moja baada ya mazishi tulifungua sanduku lake. Mfuko wa Babu ulikuwemo. Nilizihesabu: komwe 63, zimesuguka hadi zinang'aa, na jiwe. Chini yake palikuwa na khanga ya zamani iliyofungwa fundo kwenye pindo. Nikalifungua. Ndani kulikuwa na komwe moja, mpya, haijawahi kuchezwa, bado ina vumbi lake. Mama anasema mfanyabiashara mmoja alimletea kutoka Tanga mwaka niliomaliza darasa la saba. Ilikaa humo miaka yote hiyo, na jiwe likaendelea kucheza.

Bao lipo pale chini ya mwembe. Nimelipanga mwenyewe, na jiwe nimeliacha. Nahodha, mwanao yupo? Mwambieni asogee, nimeshakaa upande wa Bibi.