Mtoto Aliyekuja Kuona Kichwa cha Treni

Ndugu zangu, asanteni kwa kufika. Nimeombwa nizungumze kuhusu watoto wapenda treni na namna ya kuwapokea yadini, pale tunapoegesha na kupanga mabehewa. Nitawasimulia habari za msichana mmoja wa miaka kumi niliyemtembeza asubuhi moja, yeye na mama yake, kwa sababu yeye ndiye aliyenifundisha ninayotaka kuyasema.

Alikuja na daftari. Tayari alijua kwamba reli za upana unaotumika zaidi duniani huachana kwa milimita 1435. Nilidhani haja yake ni kupanda kichwa cha treni tu. Alipanda, akakaa kiti cha dereva, nikamweleza kwamba kwenye kichwa kile injini ya dizeli haizungushi magurudumu yenyewe: huzungusha jenereta, na umeme wake ndio unaoendesha mota zilizo kwenye ekseli, yaani vyuma vinavyounganisha gurudumu la kushoto na la kulia. Akaandika. Halafu akauliza, "Na inasimamaje?"

Tulishuka, na hatukurudi juu tena.

Nilimwonyesha kwanza mahali gurudumu linapokutana na reli. Zinapogusana ni padogo kama sarafu, chuma juu ya chuma, na msuguano ni mdogo. Ndiyo maana kichwa kimoja kinaweza kuvuta mabehewa mengi mazito, na ndiyo maana msururu huo huo, ukishashika kasi, huhitaji masafa marefu kusimama. Wepesi wa kwenda na ugumu wa kusimama vimetoka tumbo moja.

Kisha tukainama kwenye mpira wa breki unaounganisha behewa na behewa. Mwaka 1869 George Westinghouse, Mmarekani, alipata hataza, yaani haki ya kisheria ya mvumbuzi, ya breki ya hewa. Katika mfumo ule wa kwanza, dereva alisukuma hewa kutoka mbele hadi kwenye breki. Mpira ukipasuka, breki hakuna. Miaka michache baadaye akaugeuza: kila behewa likabeba tangi lake la hewa, na bomba refu la treni likajazwa hewa muda wote. Presha ya bomba ikishuka, iwe dereva ameishusha au mabehewa yamekatika, vali hufungua hewa ya tangi na breki zinabana.

Mtoto akanyamaza kidogo. "Kwa hiyo hewa ya bomba inazizuia breki zisibane?"

Ndiyo, nikamwambia, na ya tangi ndiyo inayozibana. Nimewahi kuwaeleza watu wazima jambo hilo mara tatu bila wao kulifikia. Yeye alilifikia kwa sababu alikuwa ameushika ule mpira mkononi.

Akaendelea: "Na behewa likilala hapa usiku, hewa haiishi?"

Huisha. Huvuja polepole, na breki ikalegea. Hapo mama yake alinitazama, maana aliona ninakoelekea. Lakini nilimwambia mtoto ukweli: Julai 2013, huko Lac-Mégantic, Kanada, treni ya matangi 72 ya mafuta ghafi iliachwa kwenye mteremko bila mtu. Kichwa kilichokuwa kikilisha hewa kilizimwa, hewa ikavuja, na breki za mkono zilizofungwa hazikutosha. Treni ikashuka yenyewe hadi mjini. Watu 47 walikufa. Nilimsimulia bila kukoleza chumvi, kisha nikamwonyesha usukani wa breki ya mkono na kabari ya kuweka chini ya gurudumu. Aliujaribu usukani, ukamshinda, tukauzungusha pamoja hadi ukakaza.

Hapa nasema na wafanyakazi wenzangu. Tumezoea kuwaambia wageni wadogo "usiguse, usivuke" na kuishia hapo. Mpe sababu. Mwambie behewa linalosukumwa na kuachiwa lijiendee halina injini wala honi, na humfikia mtu karibu kimya kimya. Mwambie mgongo wa reli huteleza, ndiyo maana tunauruka bila kuukanyaga. Mwambie mabehewa yaliyosimama yanaweza kugongwa kwa upande wa pili na kusogea ghafla, ndiyo maana hatupiti katikati yake. Msichana yule, baada ya kuelezwa, ndiye aliyemshika mama yake mkono asikanyage reli.

Kuna mengine niliyotamani kumwonyesha, saa zikatuishia: jinsi gurudumu lilivyochongwa mshazari ili lipite kwenye kona ingawa magurudumu mawili yamekazwa kwenye ekseli moja. Hilo mnaweza kulijaribu nyumbani. Chukua vikombe viwili vya karatasi, vigundishe mdomo kwa mdomo, uviviringishe juu ya fimbo mbili zilizolala sambamba. Vitajirudisha katikati vyenyewe. Kisha vigundishe kitako kwa kitako, uone vinavyoanguka.

Nimekuja na vikombe, na mpira wa breki uliochakaa. Viko hapa mezani. Watoto wapite mbele kwanza.