Wanaume, Mkasi na Gundi

Shikamooni wazee. Vijana, habari za jioni.

Nilipoitaja mada hii pale mlangoni, bwana mmoja alicheka: kubandika vipande vya magazeti na picha kwenye daftari, si kazi ya akina dada? Namwelewa. Maduka ya karatasi za maua na utepe huwalenga wanawake. Ila biashara hiyo ni changa. Ilianza kushika kasi mwaka 1980, Marielen Christensen wa Utah, Marekani, alipoonyesha madaftari ya familia yake kwenye mkutano wa utunzaji wa kumbukumbu mjini Salt Lake City. Hata duka alilolifungua baadaye, alilifungua pamoja na mumewe.

Ukirudi nyuma zaidi, utawakuta wanaume wengi wameshika mkasi. Thomas Jefferson, akiwa rais wa Marekani, alikata mashairi magazetini akayabandika. Mwandishi Mark Twain akapewa hataza, yaani haki ya mvumbuzi, tarehe 24 Juni 1873 kwa daftari ambalo kurasa zake zimeshapakwa gundi: unalowesha, unabandika, basi.

Anayenivutia zaidi ni Abraham Lincoln. Mwaka 1858 aliwania useneta wa Illinois, akapambana na Stephen Douglas kwenye midahalo 7, akaukosa. Mwingine angeyachoma magazeti yale. Yeye akayakusanya. Na tazameni ujanja wake: hotuba zake akazikata kwenye gazeti la Chicago lililomuunga mkono yeye, za Douglas akazikata kwenye gazeti lililompenda Douglas. Nani tena angelalamika kwamba amelishwa maneno? Daftari likafika kwa wachapaji wa Ohio, na mwaka 1860 likatoka kitabu, mwaka uleule alioshinda urais. Kwangu mimi, hiyo ni siasa iliyofanywa kwa mkasi.

Huko Philadelphia, William Dorsey, Mmarekani mweusi, alijaza madaftari karibu 400, mengi yakiwa na habari za watu wake. Alexander Gumby wa Harlem, New York, naye alikusanya yake kwa miaka mingi, akayakabidhi Chuo Kikuu cha Columbia mwaka 1950. Leo watafiti wa historia ya watu weusi wanayafungua hayo. Wanawake walifanya kazi kama hii pia, tena sana, wala siwanyang'anyi. Ninachokataa ni ile dhana kwamba mwanaume hahusiki.

Na hapa kwetu? Dodoma ni mji wa majalada, lakini jalada la ofisi halitunzi alichokiona mwananchi kuwa kikubwa. Mwaka 1973 TANU iliamua makao makuu yahamie hapa. Mwaka uliofuata Filbert Bayi akavunja rekodi ya dunia ya mita 1,500 kule Christchurch, New Zealand. Siamini kwamba hakuna mzee wa mitaa yetu ya Kikuyu au Chang'ombe aliyekata habari hizo akazibandika kwenye kaunta buku. Ziko chini ya vitanda, na wajukuu wanaziita takataka.

Kama unayo kaunta buku kama hiyo nyumbani, usibandue kitu. Andika kwa penseli, pembeni ya kila kipande, jina la gazeti na tarehe, maadamu mwenyewe yupo na anakumbuka. Iondoe kwenye jua, maana karatasi ya gazeti hugeuka njano na kukatika. Iinue kutoka sakafuni. Mchwa wa huku mnawajua. Na gundi ya uji wa ngano ni chakula cha mende, kwa hiyo ikague mara kwa mara.

Haya, maswali. Tuanze na yule bwana wa mlangoni.