Kompresheni Haichaguliwi Kwenye Sanduku la Pistoni

(Maongezi na mafundi na waendesha pikipiki kubwa, Nyakato, Mwanza. Yameandikwa kama yalivyosemwa.)

Mwadila ndugu zangu, asanteni kwa kuja, naona mpaka wale wa Igoma na Kisesa wamefika. Nimeombwa niongelee kuongeza nguvu kwenye pikipiki kubwa, yaani kem (ule mhimili unaofungua valvu), egzosi, taimingi (plagi iwashe moto wakati gani), mafuta, vyote hivyo kwa muda huu mdogo. Wanaonijua wanajua nitaanzia wapi, na wanajua huenda nisitoke hapo.

Kila wiki lazima mtu aje na swali lile lile, fundi niweke kompresheni ngapi? Hajasema anajaza mafuta wapi, hajasema kem gani, hajasema anaendesha mjini au safari, yeye anataka namba tu, 13, 14, yaani hewa na mafuta vibanwe mara ngapi ndani ya silinda, akawaambie wenzake. Na mimi namjibu kwa swali, siku mbaya kuliko zote utajaza mafuta gani na utakuwa uko wapi? Watu wananuna. Wanaona nawabania.

Tusirudie darasa la kwanza hapa, wote mmefungua injini. Mnajua ukibana hewa inachemka, hata pampu ya baiskeli ukiziba na kidole unaisikia moto. Petroli inavumilia moto huo mpaka mahali, ikishindwa inalipuka yenyewe kabla moto wa plagi haujaifikia, ndo hiyo tunaita kugonga. Alafu pistoni inaliwa ukingoni, vikuta vya kushikia ringi vinakatika, ukitoa plagi unakuta vipele vidogo vinang'aa kwenye ile kauri nyeupe, hivyo sio uchafu mdogo wangu, hiyo ni aluminiamu ya pistoni yako.

Sasa faida yake ni nini? Wengi hapa hawajawahi kukaa wakapiga hesabu. Kwa hesabu ya kitabuni, ukitoka 9 kwenda 10 unapata kama asilimia 3. Ukitoka 12.5 kwenda 14, pointi moja na nusu nzima, unapata kama asilimia 2 na nusu, hapo ni kitabuni, barabarani ni pungufu. Kadiri unavyopanda ndo unavyopata kidogo zaidi. Kwa injini ya hosipawa 190 hiyo asilimia 2 na nusu haifiki 5. Yaani hosipawa 5, kwa pistoni za kuagiza nje, gasketi mpya, na roho mkononi kila ukijaza tenki. Kuna jamaa hapa akiacha chipsi mayai miezi miwili anapata hiyo hiyo bure, simtaji, anajijua.

Haya, sasa jambo langu. Ziwa letu liko mita 1,134 juu ya usawa wa bahari. Presha ya hewa hapa Mwanza ni pungufu kama asilimia 12 hadi 13 kuliko ya Dar. Pistoni inaposhuka inameza hewa kidogo, ikipanda inabana hewa kidogo. Kwa hiyo injini ikiwa na kompresheni ya kijinga hapa inasamehewa. Unapiga resi Makongoro, unatoka mpaka Usagara, unaenda Magu na kurudi, haigongi, unajiona fundi. Alafu siku moja unasema ngoja niende Dar.

Kijana mmoja alikuwa na Hayabusa, ile ya kuanzia 2008, cc 1340. Kiwandani inakuja na 12.5, ambayo tayari ni kubwa. Akaagiza pistoni, sanduku limeandikwa 13.5, kem akaacha ya kiwandani, fundi aliyemfungia alibandika akafunga akawasha, basi. Hapa ikawa tamu kweli, mimi mwenyewe niliipanda. Akaondoka nayo alfajiri, Shinyanga, Nzega, Singida, Dodoma, na njia hiyo karibu yote uko juu ya mita 1,000, hakuna shida. Ukishapita Gairo unaanza kuteremka kwenda Dumila, Morogoro mjini uko kama mita 500 tu, mchana, jua kali, mizigo nyuma, na yeye yuko gea ya juu anavuta taratibu nyuma ya malori alafu anafungua resi ghafla kupita. Hapo ndo pabaya kuliko hata kukimbia, maana mzunguko ukiwa chini mafuta yanapata muda mrefu wa kukaa kwenye joto. Aliniambia alisikia kama mtu anatikisa misumari kwenye kopo, akadhani ni cheni. Pikipiki ilirudi Mwanza juu ya fuso.

Tulipofungua pistoni ya tatu ilikuwa imeliwa upande wa egzosi mpaka kwenye ringi ya juu. Nikapima ile silinda ya jirani iliyobaki nzima. Silinda moja ya injini ile inameza cc 335. Kama kompresheni ni 13.5, nafasi inayobaki juu pistoni ikifika mwisho inatakiwa iwe cc 26.8. Mimi nilipata 24.6. Piga mwenyewe, 335 gawa kwa 24.6 jumlisha moja, ni 14.6! Pointi nzima imetoka wapi? Hedi, kile kifuniko cha juu ya silinda, ilishaskimiwa, yaani kuchongwa uso, na mwenye nayo wa kwanza, na gasketi waliyoweka ilikuwa nyembamba kuliko ya kiwandani, ukijumlisha viwili hivyo haifiki hata nusu milimita. Nusu milimita ndugu zangu. Na hata kwenye hizi cc 125 ndogo ni vile vile, ya pistoni ya milimita 56.5 yenye kompresheni 9.2, ukiskimu hedi nusu milimita umeshafika 9.9, ndo mjue wale wanaosema "niskimie kidogo tu fundi" wanaomba nini.

Kwa hiyo namba ya kwenye sanduku ni ya hedi ambayo haijaguswa na gasketi aliyoifikiria mwenye kiwanda cha pistoni. Injini yako ina namba yake na haijulikani mpaka uipime. Na kupima hakuhitaji mashine ya Ulaya. Nenda duka la dawa nunua sirinji kubwa ya mililita 50. Tafuta kipande cha plastiki ngumu inayoonyesha, toboa tundu dogo pembeni. Pindua hedi, valvu zimefungwa, plagi iko mahali pake, paka grisi ukingoni, bandika plastiki, alafu jaza mafuta ya taa kwa sirinji kupitia lile tundu. Usiyaache meupe, tia tone la oili ya gea uyaone. Utaona povu moja la hewa limejificha kona ya juu, inamisha hedi taratibu mpaka litoke, ukiliacha limekudanganya. Kilichotoka kwenye sirinji ndo ujazo wa chumba. Jumlisha nafasi ya gasketi na kile pistoni ilichobaki chini ya ukingo wa silinda, toa kibonge cha juu ya pistoni kama ipo. Pima silinda zote nne, zikitofautiana usifunge.

Najua mtu atasema, aah fundi mimi napima na geji ya kompresheni kwenye tundu la plagi. Geji ni nzuri, inakwambia ringi na valvu zina hali gani, haikwambii kompresheni uliyoijenga. Na hapa kwetu inasoma chini kwa sababu ile ile ya hewa. Injini nzima kabisa ya kusoma 170 pwani, hapa itasoma 150 au pungufu kidogo, na nimeona vijana wanafungua injini nzima haina kosa lolote wanabadilisha ringi, wanamtoza mtu hela yake, wanafunga, inasoma 150 ile ile.

Mwingine atasema lakini kwenye video Mmarekani anatumia 14 na mafuta ya sheli, oktani 93, yaani ile namba ya jinsi petroli inavyovumilia kabla ya kugonga. Sasa msikilize vizuri. Oktani ya Marekani inapigwa kwa wastani wa vipimo viwili, ya kwetu ni kipimo kimoja, kile kinachotoa namba kubwa. 93 yao ni kama 97 au 98 kwa kipimo chetu. Ukinunua 93 hapa ukadhani ni ile ya kwenye video, unajidanganya kwa pointi 4 au 5. Na zile chupa za kuongeza oktani, zimeandikwa inapandisha pointi 5, pointi yao ni sehemu ya kumi, umenunua nusu oktani.

Hapo bado sijafika mwaloni. Nyie wa Kirumba mnanielewa. Siku mafuta yameisha unanunua kidumu kwa jamaa wa mitumbwi, na mafuta ya injini za mitumbwi, zile tustroki, mengi yameshachanganywa na oili. Oili inashusha oktani. Ukienda Ukerewe unauziwa kwenye chupa ya maji iliyokaa juani tangu asubuhi, haijulikani kuna nini ndani, na uchakachuaji wa mafuta ya taa sote tunaujua, hata kama siku hizi kuna vinasaba, ile alama ya kutambua mafuta halali, na ukaguzi sheli, chupa ya kando ya barabara nani anaikagua? Injini ya 12.5 yenye taimingi ya kiasi itavumilia ukienda nayo taratibu mpaka sheli. Ya 14 haina huruma. Na pikipiki nyingi hizi hazina kihisi cha kusikia kugonga kama magari, hakuna kompyuta itakayorudisha taimingi nyuma kukuokoa.

Mtu wa kofia ya bluu ananyoosha mkono, najua, mbona za mashindano zina 14? Kwa sababu ya kem. Kem kubwa inaacha valvu ya kuingiza wazi pistoni ikiwa imeshaanza kupanda, kubana kwenyewe kunaanza ikishafunga. Kwa hiyo kem inakula kompresheni, ndo wanaongeza kufidia. Pia wana mafuta ya mapipa ya kuagiza. Wewe ukiweka pistoni za 14 na kem ya kiwandani umechukua ubaya wote bila faida. Chagua kem kwanza, mafuta kwanza, kompresheni mwisho. Na kama unataka nguvu kwelikweli, Kawasaki Ninja H2R ina hosipawa zaidi ya 300 na kompresheni yake ni 8.3, basi tu ina kompresa ya kusukuma hewa. Hapo ubishi uishe.

Naambiwa muda. Haraka haraka basi. Nafasi kati ya ukingo wa pistoni na hedi, pima kwa waya wa solda, karibu milimita moja, ikiwa pana sana inagonga hata kompresheni ndogo, watu hawaamini. Injini ya kupozwa na upepo, mimi sivuki 10 kwa mafuta ya sheli. Ya maji yenye valvu nne, 12 hadi 12.5 naishia hapo kwa anayesafiri. Taimingi ni somo lake zima, tukutane siku nyingine. Egzosi sijagusa, mtanisamehe.

Wewe mwenye hedi kwenye kiroba, ilete hapa mezani, sirinji ninayo na mafuta ya taa yapo. Safisha kwanza hiyo masizi, siwezi kupima na masizi.